NYANYA ZANGU HAZIKUFA KWA NJAA, ZILIKUFA KWA HURUMA

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, msinihukumu. Kulikuwa na testi mbili, halafu ile asaimenti ya Saikolojia ya Elimu ambayo mpaka leo sielewi niliandika nini. Leo Jumapili niko gheto hapa Makole, upepo wa Juni unapiga bati ile mbaya, nimejifunika shuka, nikasema ngoja niwaandikie kitu kilichonikaa rohoni.

Nianze na kisa cha juzi. Nimekaa kwenye ndoo nje ya chumba changu nasoma kwenye simu. Mama mwenye nyumba akaja na bili ya maji mkononi. Nikasimama, "Shikamoo mama." "Marahaba mwalimu." (Ananiita mwalimu tangu nilipohamia, kwa sababu nasoma ualimu. Kodi ananidai kama kawaida lakini.) Sasa wakati nahangaika kuweka simu chini, macho yake yakatua kwenye kioo. Pale kwenye kioo kulikuwa na jani. Jani kubwa, la vidole saba, la kijani kibichi. Wote mnalijua hilo jani.

Akanyamaza. Akaangalia viroba vyangu kumi na viwili vilivyopangwa nyuma ya bafu. Akaniangalia tena. "Mwalimu, hicho ndicho unachootesha kwangu?"

Jamani, nilitoka jasho na baridi yote hii ya Dodoma. Nikamshika mkono mpaka kwenye viroba. Nikamwonyesha nyanya, Chinese, mchicha, na mche mmoja wa choya. Bahati mbaya ule mche wa choya nao una majani ya vidole! Ilibidi nichume jani, nilitafune mbele yake, ndo akacheka. Akasema, "Mwanangu, ungekula wewe ugali wako wa shule wa kule chuoni, haya mambo ya simu yatakufunga." Na kweli yanaweza kufunga. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haina utani na mtu mwenye mche wa bangi, hata uwe mmoja, hata uwe ndani ya kiroba.

Sasa mtauliza, wewe mwanafunzi wa ualimu unasoma nini kwenye kurasa za bangi? Swali zuri, na jibu lake ndo mada yangu ya leo.

Boom, viroba na tamaa

Mwaka jana mwezi wa Novemba, boom lilipoingia, mimi na mshikaji wangu ninayekaa naye tulifanya hesabu. Nyanya sokoni zilikuwa zimepanda, na sisi kila siku ni ugali maharage, maharage ugali. Tukasema tunalima hapahapa. Kiwanja hakuna, ila kuna ukuta nyuma ya bafu na viroba vya unga tunaweza kuvipata. Tukachanga hela, tukanunua miche, tukanunua samadi.

Samadi tuliichukua kwa mzee mmoja wa Kigogo anayefuga mbuzi nje kidogo ya mji. Mzee mstaarabu sana, alituitikia "Mbukwenyi" zetu za kujifunza bila kutucheka. Alituuliza kitu kimoja tu: "Mnaenda kuilaza kwanza?" Tukaitikia ndiyo, mzee, tutailaza. Hatukujua hata ana maana gani. Tuliporudi tulijaza viroba siku hiyohiyo, nusu samadi mbichi nusu udongo mwekundu, tukapanda jioni, tukapiga picha, tukaweka kwenye status.

Halafu tukaanza kupenda. Hapo ndo neno la kwenye kichwa cha habari linapoingia. Asubuhi kabla ya kwenda kipindi, lita mbili kila kiroba. Jioni tukirudi, lita mbili tena. Viroba 12 mara lita 4, hiyo ni lita 48 kwa siku. Na mtaani kwetu maji ya bomba hayatoki kila siku, kwa hiyo zile siku kavu tulikuwa tunanunua dumu kwa dumu. Nauli ya daladala ya kwenda chuoni ikawa inaishia kwenye mizizi ya nyanya.

Wiki ya pili majani ya chini yakaanza kuwa ya njano. Tukasema yana njaa, tukaongeza samadi. Wiki ya tatu ncha za majani zikaungua kama zimepitiwa na moto. Tukasema ni jua, tukaongeza maji. Mchana majani yakawa yanalegea. Tukasema ni kiu, tukaongeza maji tena. Wiki ya tano tukang'oa mche mmoja kuangalia. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, inanuka kama mfereji. Kati ya viroba kumi na viwili tulivuna nyanya tisa. Tisa! Na kati ya hizo, nne zilikuwa na kovu jeusi chini, zimeoza kitako.

Mshikaji wangu alinuna siku mbili. Akasema kilimo ni cha wazee na sisi tumezaliwa na simu mkononi. Mimi hela iliniuma kuliko nyanya, kwa hiyo nikashika hiyo hiyo simu nikaanza kutafuta: nyanya kwenye mfuko, udongo wa asili, maji kiasi gani, mbolea kiasi gani. Na kila nilipouliza swali la kina kuhusu udongo kwenye chombo, nilitupwa kwa wakulima wa bangi wa Kanada na Marekani.

Wale jamaa wanajua udongo

Usishangae. Kanada iliruhusu bangi kisheria tarehe 17 Oktoba 2018, na katika mikoa yao mingi mtu mzima anaweza kupanda miche hadi minne nyumbani. Mtu mwenye miche minne tu, ndani ya chungu, anahesabu kila jani. Anaandika kila tone la maji. Huku kwetu mwenye ekari tatu za alizeti hana muda huo. Kwa hiyo maarifa ya kiroba yamejaa kwao, na ya shamba yamejaa kwetu.

Naliweka hili wazi ili nisije nikaitwa na Dini ya Wanafunzi wala na balozi wa nyumba kumi: sipandi, sivuti, wala sikushauri. Nilichochukua kwao ni udongo. Na nilichokikuta kwa wale walio makini ni kwamba ule udongo ulio hai, ukitengenezwa vizuri mwanzoni, kwa sehemu kubwa ya maisha ya mmea unaupa maji tu. Hakuna cha kuongeza kila wiki. Unaulisha udongo, halafu udongo ndio unaolisha mmea.

Nikasema, hivi si ndicho alichotuuliza yule mzee wa samadi kwa maneno mawili? Mnaenda kuilaza kwanza?

Kumbe kilichotokea ni hiki

Ngoja nieleze kwa lugha ya darasani kidogo, halafu tutarudi kijiweni.

Samadi sio chakula cha mmea. Ni chakula cha vijidudu. Nitrojeni nyingi iliyomo humo imefungwa, mmea hauwezi kuila vile ilivyo. Bakteria na ukungu wa kwenye udongo ndio wanaoivunja, inageuka kuwa amonia, halafu bakteria wengine wanaigeuza kuwa naitreti, na hapo ndipo mzizi unaweza kunywa. Samadi ikiwa mbichi hiyo amonia inakuwa nyingi kwa mpigo, na chumvi zake nazo ni nyingi, ndo ile kuungua kwa ncha. Ikilazwa wiki kadhaa ikiwa na unyevu, ikageuzwa, ikapata joto na kupoa, inakuwa mboji. Haichomi tena. Na lile joto la katikati ya lundo, likifika nyuzi 55 na kuendelea, linaua na mbegu nyingi za magugu ambazo mbuzi wamezimeza.

Sasa hao bakteria wanahitaji vitu viwili kwa pamoja: maji na hewa. Sio maji tu. Ukijaza kiroba maji asubuhi na jioni, ile nafasi ya hewa kati ya chembe za udongo inajaa maji. Bakteria wazuri wanakosa pumzi. Wanaibuka wengine wanaoishi bila hewa, na hao wanaivunja naitreti inageuka kuwa gesi, inapaa. Yaani nitrojeni niliyoinunua kwa boom ilikuwa inapaa angani juu ya Makole. Na ile ambayo haikupaa ilikuwa inachuruzika chini ya kiroba na maji ya ziada. Ndo maana majani ya chini yalikuwa ya njano. Njaa ilikuwepo kweli, ila imeletwa na maji!

Na mizizi nayo inapumua. Ikikosa hewa inaoza, ikioza haiwezi kunywa, isipoweza kunywa majani yanalegea. Hapa ndipo wengi tunapopigwa chenga. Mmea wenye kiu unalegea, na mmea unaozama unalegea vilevile. Kwa macho vinafanana. Ukiwa na huruma bila kuchunguza, utaumwagia maji mmea unaozama.

Na zile nyanya zilizooza kitako? Hapo chanzo ni kalsiamu kutofika kwenye tunda. Mara nyingi kalsiamu ipo kwenye udongo ila inasafiri na maji, na kama maji leo ni mafuriko kesho ni ukame kwa sababu bomba halikutoka, safari inakatika. Kwa hiyo hata ule ugonjwa ulikuwa wa maji, sio wa kukosa dawa. Duka la pembejeo mtu aliniuzia dawa ya kupuliza. Nikapuliza. Nikapoteza hela nyingine.

Raundi ya pili

Baadaye nikaanza upya. Safari hii sikununua kitu cha kusomeka kwa Kizungu. Zile kurasa zinataja vitu ambavyo hapa hutavipata au utavipata kwa bei ya simu: udongo wa vinamasi vya Kanada, kinyesi cha popo kwenye mifuko ya kung'aa. Nikajiuliza, kila kimoja kina kazi gani? Halafu nikatafuta cha hapa chenye kazi hiyo.

Cha kushika maji na kuweka hewa: maganda ya karanga. Dodoma karanga zipo, na maganda watu wanachoma. Cha nitrojeni ya taratibu: mashudu ya alizeti, yale wanayouziwa wafuga kuku. Cha potasiamu: majivu ya mkaa, ila kiganja kimoja au viwili tu kwa kiroba, maana majivu yanapandisha uchungu wa magadi kwenye udongo, na ukizidisha virutubisho vingine vinagoma kuingia. Na samadi ileile ya yule mzee, safari hii tuliilaza.

Vipimo vyangu, kwa anayetaka kujaribu: ndoo mbili za udongo mwekundu, ndoo moja ya samadi iliyooza, nusu ndoo ya maganda ya karanga yaliyopondwa, viganja viwili vya mashudu na kimoja cha majivu kwa kila kiroba. Changanya, lowesha mpaka ukikamata kiganjani kinashikana lakini hakidondoshi maji, funika, kaa nacho wiki tatu mpaka nne. Ndiyo, wiki tatu za kuangalia udongo mtupu. Mshikaji wangu alisema mimi nimerogwa.

Juu ya udongo nikaweka matandazo, nyasi kavu unene wa vidole vinne. Wadau, hapa Dodoma hii sio pambo. Mji wetu unapata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia hapo ni jua na huu upepo. Udongo mtupu juani unanyang'anywa maji kabla mzizi haujayaona.

Halafu kumwagilia. Sheria yangu ni kidole. Naingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu na udongo umegandia, naondoka. Kikitoka kikavu, namwagilia taratibu, lita moja na nusu, nazunguka kiroba chote. Njia ya pili ni kunyanyua kiroba ubavu mmoja. Ukishazoea, mkono unajua kizito na chepesi. Kwa hali ya hewa ya sasa ilitoka kila baada ya siku mbili. Viroba vyote 12 vingekunywa hivyo, ni lita 18 kwa siku mbili, wastani wa lita 9 kwa siku. Kutoka 48! Sasa zinabeba matunda nimeongeza, karibu kila siku, na bado sijafika hata nusu ya zamani.

Ila usiache kiroba kikauke kabisa kama tofali. Mboji ikikauka sana inakataa maji, unamwaga yanapita pembeni yanatokea chini na katikati pamebaki pakavu. Na vijidudu navyo vinalala. Unataka udongo kama kitambaa kilichokamuliwa, siku zote.

Jambo jingine la kwetu hapa: maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, mnaijua ladha yake kwenye chai. Ukimwagilia kidogokidogo kwa maji hayo miezi na miezi, chumvi inabaki, inajenga ukoko mweupe juu. Kwa hiyo mara mojamoja, mvua ikinyesha, acha viroba vipigwe na mvua vioshwe. Maji ya kuoshea mchele na mboga natumia. Ya kufulia yenye sabuni ya unga hapana.

Najua mtasema, "Wewe, Novemba ni joto na Juni ni baridi, unalinganisha nini?" Nilijua kuna mtu atasema, na mtu huyo alikuwa mshikaji wangu. Kwa hiyo tulifanya ubishi wa kisomi. Viroba viwili akachukua yeye. Udongo uleule, miche ileile, siku ileile. Yeye akamwagilia asubuhi na jioni kama zamani, na kila wiki akaongeza kikombe cha samadi "ili zisione njaa". Vyangu kumi nikavipa maji kwa kidole.

Leo hii viroba vyake viwili vina majani ya njano mpaka katikati na vitunda vinne. Vyangu tumeshavuna mara mbili, jana tulipika nyanya zetu na dagaa, mama mwenye nyumba tukampelekea bakuli zima. Mshikaji alikula bila kusema kitu. Asubuhi ya leo nimemwona anaingiza kidole kwenye kiroba chake.

Sasa hoja yangu

Viroba viwili sio utafiti, najua, mhadhiri wangu wa takwimu angenitimua darasani. Lakini ninachotaka kusema hakihitaji jedwali. Tunapoona mmea unaumwa, kitu cha kwanza tunachofanya ni kuongeza. Maji, samadi, dawa. Kuongeza kunatupa amani sisi, sio mmea. Kuingiza kidole na kuondoka bila kufanya kitu kunaonekana kama uvivu, kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Na hili linanigusa kwa sababu mwaka kesho nitakuwa TP, halafu Mungu akijalia, mwalimu. Mnakumbuka bustani ya shule? Mimi shule ya msingi niliyosoma, bustani ilikuwa adhabu. Umechelewa, ndoo mbili za maji. Umeongea darasani, ndoo tatu. Saa saba mchana, jua la utosi, tunamwaga maji juu ya mchicha ambao ulikuwa umeshamwagiliwa na waliochelewa. Kesho yake Jumamosi hakuna aliyekosea, mchicha unakauka. Yaani mchicha ulikuwa unakunywa kulingana na makosa yetu! Halafu Jumatatu tunaingia darasani kukariri kuwa mmea unahitaji naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Hakuna mtu aliyetuambia kwamba ndoo na ubao ni somo moja.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwezi wa tatu mwaka 1967, alitaka shule iwe na shamba ambalo wanafunzi wanapanga, wanapima, wanaona faida na hasara ya uamuzi wao. Shamba liwe sehemu ya kufikiri. Sisi katikati hapo tukabaki na jembe, kufikiri tukakuacha nyumbani. Sasa mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 unasisitiza tena vitendo na mafunzo ya amali. Sawa, nafurahi. Lakini kama mwalimu mwenyewe hajawahi kuua nyanya kwa maji, ataenda kufundisha kwa notisi zilezile, na amali itageuka jina jipya la ndoo mbili.

Wito wangu kwa wenzangu wa ualimu: kabla ya TP, otesha kitu. Kiroba kimoja. Sio kwa ajili ya kuokoa hela, ingawa utaokoa. Ni ili ukifika shule yako huko Bahi au Chamwino, ukiwa na watoto sitini na bomba moja, ujue kuwapa kidole badala ya ndoo. Mwambie mtoto, "Ingiza kidole, niambie umeona nini, halafu amua." Mtoto akikuambia leo tusimwagilie, akakupa sababu, huyo amefaulu.

Wapo watakaosema mbolea za asili ni mchezo wa wenye viroba, mkulima wa mahindi wa Kibaigwa anahitaji yurea. Sibishani nao. Serikali ilipotoa ruzuku ya mbolea msimu wa 2022/23 wapo ndugu zangu walionufaika. Lakini hata yurea, ukiimwaga kwenye udongo usio na mboji, mvua moja kubwa inakwenda nayo korongoni. Udongo wa kichanga wa huku kwetu hauna mikono ya kushikia kitu. Mboji ndiyo mikono. Ukiwa na mikono, hata kidogo ulichonunua kinakaa.

Jana jioni nilirudi kwa yule mzee kuchukua samadi nyingine. Nikamsimulia yote, Kanada, bakteria, gesi, kila kitu. Akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwa hiyo sasa mmeilaza." Nikasema ndiyo mzee, tumeilaza. Akanipa na debe moja la nyongeza.

Kwa leo naishia hapa wadau, kesho kipindi saa moja asubuhi na daladala za kule chuoni mnazijua. Kama na wewe umewahi kuua mmea kwa mapenzi, tuambie hapo chini, usione aibu. Na anayetaka miche ya Chinese, ninayo, aje Makole na kiroba chake. Wiki njema.